Mzizi Chini ya Pipa

Wanaume wanne walilikumbatia pipa, wakapeana ishara kwa macho, wakavuta kwa pamoja. Lilikuwa nusu pipa la siku nyingi, limeliwa na kutu, nalo likapasuka ubavu mzima na kuwabakia mikononi kama gamba. Wawili walianguka chali kwenye majani yenye umande. Bogenvilia yenyewe haikutikisika. Ilisimama palepale, maua yake ya zambarau yamefunika kichwa chote, na chini yake shina nene kama mchi wa kutwangia lilikuwa limezama moja kwa moja kwenye ardhi ya marehemu mzee Hoza.

Idrisa Hoza, aliyewaleta wanaume hao, alichuchumaa, akaokota kijiti, akachokonoa udongo uliobaki. Alikuwa akitafuta kitako cha pipa. Hakukiona. Aliona mizizi, mingine minene kama kidole gumba, ikiteremka chini bila haraka wala aibu. Alipoinuka alimtazama dada yake kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi wa kuku na manyoya bado yako mkononi.

"Dada," alisema, "umepanda."

Shamsa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mkasi wa kupogolea mapajani. Hakujibu. Si kwamba alikosa la kusema. Shamsa na kukosa la kusema hawajawahi kukutana. Alinyamaza kwa sababu alijua uzito wa neno lile, na alijua tangu zamani kwamba siku moja lingetamkwa mbele yake.

Kwa ukoo wa Hoza, kama ilivyo kwa koo nyingi za milima ile, shamba la kuazima lina sharti moja kubwa. Aliyeazimwa alime maharage, kabichi, karoti, viazi, alime chochote kinachovunwa kikaisha. Asipande kinachosimama. Mti ni shahidi, na shahidi wa aina hiyo hahongeki: ukimwachia mtu apande mparachichi leo, kesho mjukuu wake ataunyooshea kidole na kusema pale ni kwetu. Ndiyo maana mwazimaji akipanda hufukuzwa, hata kama ni mtu mwema, hata kama ni mgonjwa, na hakuna anayelaumiwa kwa kumfukuza.

Na Shamsa alikuwa mwazimaji. Mwazimaji kwenye shamba la baba yake mzazi. Naomba usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwa ameolewa Mnazi, kule chini kwenye joto, ambako mtu wa milimani hujifunza kulala bila blanketi. Hakujaaliwa mtoto. Mume alivumilia, kisha akachoka kuvumilia, akaoa mwingine, na yule mwingine alipozaa, Shamsa akapewa talaka na nauli. Aliondoka na mfuko mmoja wa nguo, na juu ya mfuko vijiti vitatu vya bogenvilia alivyovikata kwenye uzio alioupanda kwa mikono yake, kavifunga kwa kipande cha kanga kilicholoweshwa maji. Mtalaka wake alimwuliza vijiti hivyo atavifanyia nini kwenye baridi ya milimani. Alimjibu kwamba wewe umebaki na uzio mzima, niachie mimi vijiti.

Nyumbani walimpokea vizuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe kweli alipewa. Idrisa ni mdogo wake, alimbeba mgongoni akiwa mchanga, lakini ndiye aliyekuwa amekaa kwenye nyumba na mashamba yote tangu mzee afariki. Alimwonyesha kipande kilichoko juu ya kona, pale barabara inapopinda ikitoka Soni kwenda Lushoto. Kilikuwa mawe matupu. Maji hayakai, kabichi hazifungi. Kitu pekee kilichojaa pale ni jua, tangu asubuhi mpaka jioni, na jua haliliwi na ugali. Akaambiwa alime, na akasomewa sharti.

Majirani walimhurumia. Shamsa aliyashika yale mawe saa za alasiri, akakuta yana moto kama mafiga, akavitazama vijiti vyake, akacheka peke yake.

Maana bogenvilia ni ua lenye tabia zake. Ulipe kivuli na maji ya kutosha, litakulipa majani, majani mazuri tu ya kijani yanayopanda mpaka juu ya bati, na wewe utasubiri ua mpaka uote mvi. Linataka jua kichwani na mawe miguuni. Linataka lipate kiu kidogo ndipo likumbuke kuchanua. Adui yake mkubwa kule juu ni baridi ya kipupwe, hasa likiwa changa, na wote waliomwambia Shamsa kwamba vijiti vitakufa walikuwa na haki ya kusema hivyo. Viwili vilikufa kweli. Cha tatu alikiegemeza kwenye jiwe kubwa jeusi lililotunza joto la mchana, akawa anakifunika gunia kila jioni na kukifunua kila asubuhi, kipupwe chote, kama mama anayemvalisha na kumvua mtoto sweta. Mvua za vuli zilipoanza, kijiti kikatoa jani.

Kijiti hicho kimoja kikawa mama wa miche yote, na kutokana nacho alizalisha kitalu kizima. Alikata matawi yaliyokomaa, unene wa penseli, akayakata mshazari upande wa chini asije akachanganya kichwa na miguu, akayachomeka kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na samadi iliyooza, akayafunika kwa nailoni mpaka yaote. Masista walimpa tawi la rangi ya machungwa akawapa la zambarau. Mtunza bustani wa hoteli fulani alimpa jeupe. Miche ikishika aliihamishia kwenye viriba, ile mifuko ya nailoni ya kuoteshea, na viriba akavipanga juu ya mawe kandokando ya barabara, rangi kwa rangi, hata dereva wa Fuso lililojaa karoti akawa anapunguza mwendo bila kujua kwa nini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliosimama kununua aliwaonya wote kwa sauti ileile ya ukali: usilimwagilie kwa huruma.

Na sharti? Sharti alilitunza kuliko waliolitunga. Kiriba si ardhi. Kila baada ya muda aliinua kiriba kimoja kimoja, akatazama chini yake, na mzizi wowote uliochungulia nje aliukata. Idrisa mwenyewe alikubali, tena kwa kicheko, kwamba maua ya kwenye mifuko si kitu, ni mapambo ya barabarani. Mkewe Tatu, ambaye ulimi wake haukuwahi kumkopesha Shamsa neno jema hata moja, aliyaita miiba ya wifi. Walishagombana wawili hao kwa ajili ya kuku wanaofukua viriba, na tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwa sababu tu dini inataka.

Sasa lile pipa. Yule mama alikua, akakishinda kiriba, akaishinda ndoo, akahamishiwa kwenye nusu pipa, na baada ya miaka akaanza kulishinda pipa pia. Majani yakawa manjano, maua yakawa madogo na ya kukata tamaa. Shamsa alijua ugonjwa wake: mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya chombo mpaka ikajikaba yenyewe. Angeweza kulitoa, kuipogoa mizizi, na kulirudisha humo humo. Alikuwa ameshanoa panga kwa kazi hiyo. Siku hiyohiyo Idrisa alipita barabarani na mgeni wake, mgeni akasifia maua, akauliza mama yule ni nani. Idrisa akajibu kwamba ni dada, tumemhifadhi tu.

Tumemhifadhi. Kama gunia la mahindi ya mtu mwingine.

Shamsa aliliweka panga chini. Alikwenda kwa fundi mwashi akaazima tindo na nyundo, akalilaza pipa ubavu, akagonga kitako chake mpaka kikatoka chote, akakitupa korongoni. Akalainisha udongo katikati ya mawe, akalisimamisha pipa juu yake, akamwagilia, akaenda kuosha mikono. Usije ukamsingizia kwamba alisahau, au kwamba mzizi ulijipenyeza wenyewe. Alikuwa na hasira na alijua anachofanya. Mwaka uliofuata ua lilipata afya ya ajabu, na kila aliyelisifia alimfanya Shamsa atabasamu kwa ndani.

Ingebaki hivyo, pengine mpaka azikwe, kama si tajiri mmoja wa kabichi aliyetaka kujenga ghala pale pale kwenye kona, Fuso lisimame lipakie bila kupanda mlima. Idrisa alimwendea dada yake kwa shikamoo ya heshima zote, akamwambia ahamishe mifuko yake ashuke nayo bondeni kando ya kijito. Bondeni jua linafika saa nne na kuondoka saa tisa, na ukungu unalala humo kama uko kwao. Shamsa alisema atafikiri. Idrisa hakumsubiri amalize kufikiri, akaleta wanaume wanne. Ndipo pipa likapasuka.

Kikao cha wazee kikaitwa, Ijumaa baada ya swala.

Siku moja kabla ya kikao, asubuhi, alikuja baba mdogo Abdallah, mdogo wake marehemu mzee Hoza na mkubwa wa ukoo uliobaki. Shamsa alimpa shikamoo, akampisha kigoda, akamchemshia chai ya mchaichai. Mzee Abdallah si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, mwenye kutaka mambo yaishe kabla hayajaanza, na watu wa namna hiyo ndio wanaoumiza kuliko wabaya, maana huwezi hata kuwachukia kwa raha. Alikunywa chai, akalizunguka lile ua, akaokota kipande cha bati la pipa, akakivunja kwa vidole. Kutu ilimwagika kama unga.

Kisha akasema alichojia. Kesho wataulizana mzizi umefikaje ardhini. Shamsa aseme ni kutu. Kutu ilikula kitako, mzizi ukapita, yeye hakuona. Hakuna mtu atakayebisha, kutu yenyewe hii hapa. Mzizi utakatwa, ua likiishi liishi, Shamsa atashuka bondeni na viriba vyake, na ataendelea kulima kama alivyokuwa. Idrisa atapata kona yake. Ukoo utapata usingizi.

"Na nikisema nimepanda?" aliuliza Shamsa.

Mzee alikitazama kikombe. Alisema kwamba sharti analijua, wala halikutungwa kwa ajili yake, na kwamba yeye Abdallah hatakuwa na mdomo wa kumtetea. Alisema pia, kwa upole, kwamba mwanamke wa umri wake, bila mume, bila mtoto, asichezee paa linalomsitiri.

Alipoondoka, Shamsa alikaa muda mrefu bila kufanya kazi yoyote, jambo ambalo si kawaida yake. Aliogopa, tusimpambe. Aliwaza chumba cha kupanga Soni, nyuma ya maduka, na yeye akiwa na ndoo moja ya maua mlangoni. Aliwaza kwamba kutu si uongo mkubwa. Watu wamesema makubwa kuliko hayo na wakalala vizuri. Aliukaribia mti wake, akakata vichipukizi viwili vitatu vilivyokuwa vikinyonya nguvu chini ya shina, na mwiba ukamchana kiganja. Akaifyonza damu yake, na wakati anaifyonza hasira ya ile siku ya tindo ikamrudia yote, nzima, haijapungua hata kidogo. Alishukuru kuikuta bado ipo.

Ijumaa walikuja wazee watano, kanzu safi, kofia vichwani, wakakaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa madrasa. Kikao kilifanyikia pale pale kwenye kona ili ushahidi uonekane. Nyumba ya Idrisa iko hatua chache juu yake, kwa hiyo wanawake walikaa kwenye ukingo wa uwanja, Tatu akiwamo, wakimenya viazi huku masikio yako kwingine. Idrisa hakumpa dada yake shikamoo. Shamsa aliliona hilo, na akaona kwamba wazee nao wameliona.

Kabla neno halijaanza, gari dogo lilisimama barabarani, kijana akateremsha kioo na kuuliza maua meupe yapo. Shamsa alimwambia aende salama, apite siku nyingine, leo hatuuzi, leo tunahukumiwa. Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko.

Idrisa alisema mengi. Alisema jinsi alivyompokea dada yake mikono mitupu, jinsi alivyompa shamba kwa huruma wakati wengine huwarudisha dada zao walikotoka, na jinsi huruma hiyo ilivyolipwa kwa hila, kupanda kwa siri chini ya pipa kama mtu anayeficha pombe. Alionyesha shina. Alionyesha mizizi. Hakutaja ghala, na hakuna aliyemwuliza. Wazee walitikisa vichwa kwa mpango, kwanza huyu, kisha yule.

Baba mdogo Abdallah aliligeuza benchi kidogo kumwelekea Shamsa. Alisema kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemnyooshea mtoto mkono avuke mfereji, kwamba mapipa haya yanaoza, na kwamba yeye mwenyewe jana ameiona kutu.

"Ni kutu, mwanangu, si ndiyo?"

"Si kutu, baba mdogo," alisema Shamsa. "Ni tindo. Nilikitoa kitako mwenyewe, kwa nyundo, mchana kweupe. Mmeniuliza kama nimepanda. Nimepanda."

Viazi viliacha kumenywa. Idrisa alifungua mikono kuwaelekea wazee, yaani mmesikia wenyewe, kazi yangu imekwisha. Na kweli kwa desturi ilikuwa imekwisha. Mzee Abdallah alifumba macho. Alikuwa amemjengea daraja, naye amelichoma akiwa katikati yake.

Lakini Shamsa hakukaa chini. Alisimama karibu na mti, kanga yake imenasa kwenye mwiba na yeye hakuinasua.

"Mwazimaji akipanda hufukuzwa, nalijua hilo. Nifukuzeni. Ila kwanza mniambie niliazima kwa nani."

Idrisa alisema upesi kwamba aliazima kwake, nani asiyejua.

"Baba alipokufa," Shamsa aliendelea, wala hakumtazama Idrisa, aliwatazama wazee, "mlikaa kugawa mirathi?"

Mzee Abdallah alisema walisoma hitima. Shamsa alisema hitima anaikumbuka, yeye ndiye aliyekuja kutoka Mnazi kupika pilau yake, ameuliza mirathi. Mzee akajibu, kwa sauti ndogo, kwamba hawakukaa. Mambo yaliachwa kama yalivyo. Idrisa alikuwa nyumbani, basi akabaki nyumbani.

"Basi Idrisa naye hajagawiwa kitu. Ameniazimishaje kisicho chake? Mmetoka msikitini sasa hivi na udhu haujakauka. Mnajua binti ana fungu lake kwa baba yake. Nusu ya fungu la kaka, na mimi sikuomba hata punje zaidi. Niliomba mahali pa kukaa, mkaniambia nimehifadhiwa. Leo siombi. Nimepanda kwenye shamba la baba yangu, na anayetaka kuniita mwazimaji alete kwanza siku tuliyogawana."

Sasa ungewaona wale wazee. Ulikuwa ni ukimya wa watu wenye dada. Mmoja dada yake analima viazi Mlalo kwenye kipande cha kuazimwa, na kila mwaka anakuja na kuku kushukuru. Mwingine dada zake wawili walishafukuzwa, mmoja kwa ajili ya mgomba tu. Wa tatu alikuwa akiichunguza ncha ya fimbo yake kwa bidii kubwa. Wakimpa Shamsa haki hapa, kuku wa shukrani wataacha kuja, na kesho kila kona ya milima ile itakuwa na mwanamke aliyesimama akiuliza aliazima kwa nani. Wakimnyima, watamnyima mbele ya swala ambayo haijapoa. Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tunavyosema, na siku hiyo wazee walionekana kama watu wanaotamani neno lingeharibikia mahali pengine.

Idrisa aligeuka mwekundu wa macho. Alisema hizo ni hila za mtu aliyekaa na watu wa mjini. Alisema mwanamke bila mtoto ardhi ataiachia nani. Hilo lilimchoma Shamsa, liliingia mpaka ndani kabisa, na kila mtu aliona limeingia. Akasema ataiachia atakayempenda, na kwamba Idrisa ana watoto, aanze mapema kujipendekeza.

Mwanamke mmoja kwenye ukingo alicheka, kisha akajifanya anapaliwa.

Mzee Abdallah aliinuka kwa kushika goti. Alisema jambo ni zito, halimaliziki juani, waende wakalitafakari, walete mtu wa kadhi aliyesoma mambo ya mirathi, waitane siku nyingine. Ilikuwa namna yake ya kulitupa jambo mbali na miguu yake, lakini safari hii hakutaja bondeni, wala hakutaja kufukuza. Shamsa alimwitikia kwa heshima. Alisema wakae tu, watafakari kadiri wanavyotaka, yeye watamkuta hapa hapa.

Halafu akashika jembe.

Hakusubiri waondoke. Alipiga jembe katikati ya mawe, pale mwanzo wa kipande chake upande wa barabara, akatoa jiwe, akapiga tena. Shimo lilipotosha alichukua kiriba kimoja cha zambarau, akakichana nailoni kwa meno, akaliteremsha bonge la udongo humo zima zima kama anayelaza mtoto aliyesinzia, akafukia, akashindilia kwa kisigino. Kilikuwa cha kwanza. Akasogea, akapima kwa macho, akaanza shimo la pili. Wazee walisimama na mabenchi yao hawajui waelekee wapi. Walikuwa wamekuja kuhukumu mti mmoja, na sasa unapandwa uzio mbele ya macho yao.

Idrisa alisema ataing'oa yote, leo hii, kabla ya magharibi.

"Ng'oa," alisema Shamsa bila kuinua kichwa. "Ushike kwa mkono."

Idrisa aliitazama ile miiba. Wale wanaume wanne wa pipa hawakuwapo, na hakuna mzee aliyejitolea. Alibaki amesimama, mikono imening'inia, na dakika hizo dada yake akamaliza shimo la pili. Jasho lilikuwa likimtiririka Shamsa, mgongo ukimwuma, na mbele yake mawe yalikuwa mengi kuliko nguvu zake. Alijua hatafika mwisho wa kipande siku hiyo. Hakujali. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipoolewa.

Ndipo aliposikia jembe la pili. Lilikuwa likipigwa mwisho wa kipande, upande wa nyumba, kwa mapigo ya mtu anayejua kulima. Aliinua kichwa. Tatu alikuwa amefunga kanga kiunoni, kiriba cha maua meupe kimeegemea mguuni pake, na bado alikuwa na maganda ya viazi kwenye mikono.

"Wifi," Tatu aliita, "shimo liende chini kiasi gani?"

Shamsa alimtazama kidogo, akitafuta kejeli usoni mwake, asiione. "Mpaka kwenye kiwiko," alisema. "Na usiutikise udongo wa mzizi. Ua hili ukilitikisa mizizi linasusa."

Tatu aliingiza mkono shimoni akapima, akaona bado, akainua jembe tena. Idrisa alimwendea hatua tatu, akasimama mbali kidogo na ile miiba.

"Tatu. Weka jembe chini."

Tatu hakuliweka. Alilipiga, akatoa jiwe, akalisukuma pembeni kwa mguu.

"Kwetu Bumbuli nina kaka watatu," alisema. "Najifunza."